Goti linachomoka ukishuka ngazi, MRI inasema safi: uzi wa picha za goti likiwa kazini

Mpigapicha_WestNile (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi hapa Kampala, kwetu ni Arua. Naleta uzi huu kwa ajili ya wale wagonjwa wanaofika na bahasha iliyojaa picha, kila ripoti imeandikwa hakuna tatizo, na bado goti linawaangusha kwenye ngazi. Wengine wameshaambiwa na ndugu zao kwamba wanajidekeza.

Goti huugua likiwa linafanya kazi, na sisi tunalipiga picha likiwa limelala. Kwenye MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, unalala chali, goti limenyooka karibu kabisa, misuli imelegea, hakuna uzito wowote juu yake, na unakatazwa kutikisika. Halafu tunashangaa mbona picha haionyeshi kinachotokea mtu akiteremka mlima na gunia la mihogo kichwani.

Msinielewe vibaya. ACL, ligamenti ya mbele ndani ya goti (ligamenti ni kamba inayofunga mfupa kwa mfupa), ikikatika kabisa, MRI inaiona vizuri sana. Meniskasi, ule mto wa gegedu kati ya mifupa ya goti, ikichanika, inaiona. Mfupa uliovia damu ndani, hakuna picha nyingine inayouonyesha hivyo. Ninachozungumzia ni yale matatizo ya mwendo.

Chukua pia ya goti. Goti likiwa limenyooka, pia haijaingia kwenye mfereji wa mfupa wa paja, inaelea juu yake tu. Mfereji huanza kuishika goti likikunjwa nyuzi 20 hadi 30 hivi, na ndiyo maana pia huteguka katika zile nyuzi za mwanzo. Sasa tazama eksirei ya pia tunayoipiga mara nyingi, ile ya Merchant, iliyopewa jina la daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1974. Hupigwa goti likiwa limekunjwa nyuzi 45. Kufikia hapo pia imeshaingia mferejini, imetulia kama mtoto mtundu mbele ya wageni. Ripoti inatoka safi.

Jaribuni hili nyumbani kwa mtu mwenye tatizo hilo. Mkalishe kwenye ukingo wa kitanda, miguu ikining'inia, anyooshe mguu mwenyewe polepole. Wewe kaa mbele yake, utazame pia tu. Ikipanda moja kwa moja, vizuri. Ikifika karibu na mwisho ikachepuka ghafla kwenda upande wa nje, imechora herufi J iliyopinduka, na madaktari huiita hivyo hivyo, alama ya J. Kwenye nchi zenye uwezo wanaithibitisha kwa CT (eksirei ya kompyuta) ya mwendo. Mashine yenye safu 320 za vipokezi inafunika sentimita 16 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo goti lote linaingia bila kitanda kusogea. Mgonjwa anakunja na kunyoosha, daktari anapata filamu ya mifupa yenyewe ikitembea. Mionzi inaongezeka, ndiyo, ila goti liko mbali na viungo vinavyodhurika kwa urahisi.

Na daktari hatazami filamu hiyo kwa kujifurahisha. Kama kile kinundu cha mbele ya muundi, panaposhikwa kano la pia, kimekaa nje ya mstari wa mfereji kwa zaidi ya milimita 20, huenda akahitaji kukihamisha. Kama mfereji ni bapa, huenda akauchimba. Kama mifupa iko sawa na ligamenti ya ndani ndiyo iliyochanika, anatengeneza ligamenti tu na mifupa anaiacha. Mgonjwa ni mmoja na lalamiko ni moja, lakini hizo ni operesheni tatu tofauti kabisa.

Karibuni tujadili.

Nubi_Girl

Nafuatilia.

Mzee_wa_Busia

Ndugu mleta uzi, umeeleza vizuri, lakini hiyo mashine ya safu 320 tutaipata wapi sisi? Hapa mpakani ukipata eksirei, umeme na filamu siku moja, unamshukuru Mungu. Mashine nyingi za MRI ziko huko huko Kampala kwenu. Mtu wa Arua anasafiri kilomita karibu 500 na goti limevimba, anauza ng'ombe, halafu anaambiwa sasa kuna picha nyingine bora zaidi. Mwisho wake mtatutuma India.

Enzi za Profesa Huckstep, daktari wa mifupa, pale hospitali ya Mulago, miaka ya 1960, watoto wa polio walitengenezewa vyuma vya miguu kwa vitu vya hapa hapa, bei ndogo, na wakatembea. Nyie vijana wa sasa kila kitu ni mashine.

Mpigapicha_WestNile

Mzee wangu, shikamoo. Tuko pamoja kuliko unavyodhani, maana wagonjwa wengi hawahitaji mashine hiyo. Wanachohitaji ni eksirei ile ile ya Busia, ila ipigwe mtu akiwa amesimama.

Mtu mzima mwenye maumivu ya goti akipigwa picha amelala, nafasi kati ya mifupa inaonekana pana. Msimamishe, uzito ushuke, nafasi inajifunga. Akikunja goti nyuzi 45 huku amesimama, picha ipigwe kutoka nyuma kwenda mbele, inaonekana zaidi. Gegedu huliwa sana sehemu ya nyuma, ile inayobeba uzito goti likiwa limekunjwa. Picha hii Rosenberg na wenzake waliieleza mwaka 1988. Haina gharama ya ziada. Inataka tu kaseti isimamishwe na mpiga picha asiwe na haraka ya kwenda kula.

Kwa hiyo ukienda, sema: "Musawo (daktari), naomba nipigwe nikiwa nimesimama, magoti yote mawili kwenye picha moja." Hakuna atakayekufukuza.

Afande_Mstaafu

Wadau habari. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, niko Bombo. Miaka ya nyuma lori letu liligonga mti, mimi nimekaa mbele, goti likapiga dashibodi. Lilivimba, likapoa, nikaendelea na kazi. Kwenye tambarare natembea vizuri hata saa tatu. Kuteremka ndiyo taabu, goti linakuwa kama si langu. Mwaka jana nilijikusanya nikapiga MRI. Majibu: ligamenti zote zinaonekana. Daktari akaniambia ni uzee. Uzee wa goti moja?

Mpigapicha_WestNile

Afande, pole sana. Mimi si daktari wa kukutibu na siwezi kukupima kupitia simu, lakini maelezo yako yangemfanya daktari yeyote wa mifupa anyooshe masikio. Goti lililokunjwa kupigwa mbele ya muundi na dashibodi ndiyo njia maarufu ya kuumia PCL, ligamenti ya nyuma. PCL ina tabia yake: tofauti na ACL, mara nyingi hujiunga yenyewe. Ila hujiunga ikiwa ndefu. Baada ya miaka, MRI inaona kamba nzima, haijakatika, na ripoti inasema ipo. Ni kweli ipo. Imelegea tu, na picha ya mtu aliyelala haiwezi kupima ulegevu.

Kuna eksirei ya kupiga magoti. Unapiga goti kwenye benchi, goti limekunjwa nyuzi 90, uzito wako unaegemea muundi, pia na paja vinaning'inia mbele ya ukingo. Uzito wenyewe unausukuma muundi nyuma. Tunapiga kutoka ubavuni, goti bovu kwanza, kisha zima, halafu tunapima kila upande muundi umerudi nyuma kiasi gani. Tofauti ya milimita 8 au zaidi kati ya magoti mawili huashiria PCL iliyokatika kabisa. Ikifika 12, daktari huanza kushuku kwamba na ligamenti za pembeni zimeumia pamoja nayo.

Mwombe daktari wako akuandikie hiyo. Eksirei mbili tu.

Kisu_Baridi

Niko kwenye mafunzo ya upasuaji wa mifupa, kwa hiyo niongeze chumvi kidogo, au niiondoe.

Uzi ni mzuri ila nina wasiwasi na mwelekeo wake. Watu watasoma hapa waende kudai picha za kila aina. Chombo cha kwanza cha kuonyesha mwendo wa goti ni mikono miwili. Afande, kabla ya eksirei hiyo, kuna mtu aliyekulaza chali, akakukunja magoti yote mawili, akainama kuyatazama kutoka ubavuni? Muundi wa goti lenye PCL mbovu hudidimia nyuma kwa uzito wake wenyewe. Unaonekana kwa macho. Naapa nimeona mafaili yenye MRI mbili na hakuna mahali palipoandikwa kwamba goti lilishikwa.

Kwa ACL tuna kipimo cha mikono kiitwacho Lachman. Joseph Torg aliieleza mwaka 1976 na kuiita kwa jina la mwalimu wake John Lachman wa Philadelphia. Goti linakunjwa nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, wa pili unavuta muundi mbele. Unahisi kama kuna mwisho mgumu au hakuna. Na kuna ile ya kuzungusha, pivot shift, iliyoelezwa Toronto mwaka 1972 na kina Galway na MacIntosh. Unazungusha muundi kwa ndani, unasukuma goti kutoka upande wa nje, unalikunja polepole. Muundi uliokuwa umechomoka mbele unarudi mahali pake kwa mruko, karibu na nyuzi 30. Ukiuhisi mruko huo mara moja husahau.

Tatizo lake ni kwamba mgonjwa aliye macho anakaza misuli, na ana haki, inauma. Kwa hiyo tunairudia thieta, mtu akiwa ameshapewa nusu kaputi, kabla ya kisu chochote. Hapo goti linasema ukweli wote. Na jibu linabadilisha operesheni. Mruko ukiwa mkubwa, na mgonjwa ni kijana wa michezo, unafikiria kuongeza kipande cha utando wa pembeni ya paja ili kuzuia mzunguko, juu ya ACL mpya. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Kanada, uliochapishwa 2020, ulifuata vijana 618. Waliopata ACL peke yake, asilimia 11 ilikatika tena ndani ya miaka miwili. Waliofanyiwa na nyongeza hiyo, asilimia 4.

Mpigapicha_WestNile

@Kisu_Baridi, sipingi hata neno moja kuhusu mikono. Ila mikono yako haiachi kumbukumbu. Wewe unaandika "mruko daraja la pili", mwenzako wa Mbarara akishika goti lile lile anaandika la tatu, na mgonjwa akihamishwa hakuna wa kuamua. Picha inaweza kuwekwa mezani watu watatu wakaitazama pamoja. Ndiyo maana mnatumia hata kile kipimo cha KT-1000 cha kuvuta muundi na kusoma milimita, ambapo tofauti ya milimita 3 kati ya magoti inahesabika. Mwenye mikono mizuri naye anahitaji kuaminiwa na mtu ambaye hakuwepo.

Kisu_Baridi

Hilo nimekubali. Ila KT-1000 hupima mbele na nyuma tu. Mzunguko haiupimi, na mzunguko ndio unaowaangusha watu.

Mtu_wa_Mutukula

Kwani si waingize tu kamera ndani ya goti waone? Nimesikia ni matundu mawili tu.

Kisu_Baridi

Athroskopia, ndiyo. Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti mwaka 1918 kwa kifaa cha kutazamia kibofu, kwa hiyo wazo si geni. Lakini goti lililo kwenye athroskopia limejazwa maji, halina uzito, na mguu umeshikwa na msaidizi. Unaona meniskasi, unaigusa kwa ndoano, unajua imeng'oka au la. Kuna mchaniko wa nyuma kabisa ya meniskasi ya ndani, pale inaposhikana na kapsuli, yaani mfuko unaolizunguka goti, ambao MRI huukosa mara nyingi kwa sababu goti limenyooka na mwanya umejifunga. Huo unauona kwa kupitisha kamera hadi nyuma. Mwendo wa kutembea huuoni. Na kumpeleka mtu thieta ili "tuchungulie tu" siku hizi hatupendi, nusu kaputi si chai.

Fizio_Entebbe

Jamani naona wanaume mmeshikana mashati, ngoja dada yenu aingie. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mwendo ndio mkate wangu.

Kuna maabara za mwendo ambako wanabandika vishanga vinavyong'aa kwenye paja na muundi, kamera za infraredi zinavifuata, kompyuta inachora mifupa. Inapendeza sana kwenye skrini. Lakini vishanga viko juu ya ngozi, na ngozi ya paja husogea juu ya mfupa hata sentimita moja na zaidi mtu akitembea. Wapasuaji wanataka milimita. Kwa kujua goti limekunjwa kiasi gani, vinafaa. Kwa kujua muundi umeteleza milimita ngapi, msidanganyike na rangi za skrini.

Walioukwepa ujanja huo wa ngozi waliingia kwenye mfupa wenyewe. Scott Tashman na wenzake wa Henry Ford Hospital, Detroit, walipandikiza vishanga vidogo vya tantalamu ndani ya mifupa ya watu waliotengenezewa ACL goti moja, wakawakimbiza mteremko kwenye mashine huku eksirei mbili zikipiga picha 250 kwa sekunde. Matokeo yalitoka 2004: muundi haukuchomoka tena mbele, yaani kwa kipimo cha kawaida operesheni ilifaulu. Lakini goti lililotengenezwa lilikuwa limezunguka kwa nje zaidi ya lile zima. Hilo usingelijua kwa mgonjwa aliyelala, hata ungempiga MRI kumi. Na kama @Kisu_Baridi alivyosema, tatizo liko kwenye mzunguko.

Sisi huku tutumie nini? Ultrasaundi. Iko kwenye miji mingi, haina mionzi, na ni kipimo ambacho mgonjwa anaruhusiwa kucheza nacho. Mwambie akunje, anyooshe, asimame, uone meniskasi inavyosukumwa nje uzito ukiingia. Kile kinachofyatuka pembeni mwa goti unakikamata kikifyatuka. Shida yake, inategemea sana mkono wa anayeishika, na ndani kabisa ya goti haifiki.

Na simu.

Mkimbiaji_Sebei

Hapo kwenye simu dada, fafanua. Mimi niko Kapchorwa, huku kila kijana anataka kuwa Cheptegei. Goti langu linauma mbele nikiteremka, kupanda hapana. Nirekodi vipi?

Fizio_Entebbe

Kaka, fanya hivi. Vaa kaptula fupi, viatu utoe. Chora alama ya kalamu katikati ya pia zote mbili na kwenye kinundu kilicho chini yake. Simu isishikwe na mtu, iegemeze kwenye kiti, kamera iwe usawa wa goti na mita kama tatu kutoka ulipo. Mwanga utoke nyuma ya simu, usitoke nyuma yako. Weka ile ya mwendo wa polepole, simu nyingi sasa zinafika picha 240 kwa sekunde.

Simama kwenye ngazi moja, shuka polepole kwa mguu mmoja hadi kisigino cha mwingine kiguse chini, urudi. Rekodi kutoka mbele, kisha ubavuni. Miguu yote miwili, na anza na ule mzima, la sivyo hatuna cha kulinganisha. Nitakachotazama: goti linaingia ndani kuelekea lenzake? Nyonga upande wa pili inashuka? Kisigino kinainuka mapema? Maumivu ya mbele ya goti wakati wa kuteremka mara nyingi yana majibu huko juu kwenye nyonga, na hayahitaji kisu wala MRI.

Kuna pia programu ya chuo kikuu cha Stanford, OpenCap, ambayo kwa simu mbili au zaidi inakadiria mwendo wa viungo bila vishanga. Ilichapishwa 2023. Inafaa kwa watafiti na kwa pembe za viungo. Ligamenti haizioni, asikudanganye mtu.

Onyo: usilazimishe goti lichomoke ili video ipendeze. Ukihisi linaanza, acha. Kila likichomoka linaweza kusaga gegedu na meniskasi.

Mama_wa_Mapacha

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana miaka minne, mguu mmoja una matege, mwingine uko sawa. Bibi yake anasema tumfunge kitambaa. Yeye naye hizi picha za kusimama zinamfaa?

Fizio_Entebbe

Mama, asante kwa kuuliza, na kitambaa kiacheni. Matege ya miguu yote miwili kwa mtoto chini ya miaka miwili huwa ya kawaida, hunyooka yenyewe, na akifika miaka mitatu au minne magoti huweza hata kugongana kidogo. Mguu mmoja tu, katika miaka minne, hilo si la kusubiri. Anahitaji eksirei ndefu akiwa amesimama, kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, pia zikitazama mbele, siyo kipande cha goti peke yake. Na umrekodi akitembea kuja kwako: kama goti linaruka kwenda nje kila anapoukanyaga mguu huo, mwonyeshe daktari. Hiyo haionekani akiwa kitandani analia.

Ukiweza kufika Kisubi, barabara ya Entebbe, hospitali ya CoRSU inashughulikia watoto wenye matatizo ya viungo. Akiwahi, mara nyingine inatosha kibati kidogo kwenye sehemu ya mfupa inayokua, kiuongoze. Akichelewa ni kukata mfupa. Nenda mwezi huu, mama.

Mama_wa_Mapacha

Asante dada. Tutakwenda.

Afande_Mstaafu

@Kisu_Baridi nimelala chali, nimekunja magoti, mke wangu ametazama ubavuni. Anasema la kulia limebonyea chini ya pia. Sasa naomba hiyo eksirei ya kupiga magoti, au tayari jibu tunalo?

Kisu_Baridi

Afande, mama ana jicho. Omba eksirei hata hivyo. Kubonyea kunatuambia wapi, milimita zitatuambia kiasi gani, na uamuzi wa kuimarisha misuli ya paja au kupasua unategemea hicho kiasi. PCL nyingi huishi vizuri na mazoezi. Ila usipigwe picha ukiwa umekaza misuli ya paja, itauvuta muundi mbele na kuficha tatizo. Legeza, pumua, uzito ushuke.

Mzee_wa_Busia

Haya, eksirei ya kupiga magoti na simu. Hapo nimeelewana nanyi.

Mkimbiaji_Sebei

Nimesharekodi, nne zote. Nikizituma WhatsApp zinatoka na ukungu, alama za kalamu hazionekani. Nifanyeje?

Mpigapicha_WestNile

WhatsApp hubana video. Usiitume kama video, bonyeza kiambatisho, chagua faili, itume kama hati, itafika kama ilivyo. Andika kwenye jina la kila faili mguu gani na upande gani, mfano "kulia mbele". Na usiiweke hapa uzini, mtumie dada wa Entebbe faraghani.